Saa Ngapi na Muda Gani

Mwezi Machi 2011 nilipigiwa simu na mama mmoja aliyekuwa na duka la intaneti Mwenge, Dar es Salaam, hatua chache kutoka kituo cha daladala, akaniomba nifike haraka kwa sababu kompyuta namba 4 ilikuwa imemdai mteja zaidi ya shilingi milioni 80. Mteja huyo alikuwa mwanafunzi aliyeingia kutuma barua ya maombi ya kazi, na hakukaa zaidi ya dakika 25. Bei ya duka ilikuwa shilingi 1,000 kwa saa, na programu iliyohesabu muda wa kila mteja nilikuwa nimeiandika mimi. Nilipofika nilikuta mama ameshamruhusu kijana aende zake kwa shilingi 500, lakini kompyuta ameiacha kama ilivyokuwa ili nijionee kwa macho yangu. Alipoitikia shikamoo yangu aliniuliza, “Mwanangu, hii mashine imehesabu nini?”

Swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyolipokea siku ile, kwa sababu hesabu yenyewe haikuwa na kosa lolote. Programu ilisoma saa ya kompyuta mteja alipoanza, ikaisoma tena alipomaliza, ikatoa ya kwanza katika ya pili, ikazidisha kwa bei. Kilichotokea ni kwamba asubuhi ile umeme ulikatika, na ile betri ndogo ya mviringo inayotunza saa ya kompyuta mashine ikiwa imezimwa ilikuwa imekufa siku nyingi bila mtu kujua. Umeme uliporudi, kompyuta iliamka ikiamini kwamba ni tarehe 1 Januari 2002. Kijana akakaa, programu ikaandika mwanzo wake kwa tarehe hiyo. Akajaribu kufungua barua pepe, tovuti ikakataa, kwa kuwa cheti chake cha usalama kilionekana kuwa cha wakati ambao bado haujafika. Mhudumu, ambaye ugonjwa huo alishaukuta mara nyingi, akarekebisha tarehe kwa mkono na kuiweka 14 Machi 2011. Kati ya sekunde moja na iliyoifuata, kompyuta ilivuka siku 3,359, na kijana akaonekana ametumia mashine kwa saa zaidi ya 80,000.

Nilibadilisha betri, nikaomba radhi, nikarudi nyumbani na nakala ya kumbukumbu zote za programu. Usiku ule niligundua jambo lililoniumiza zaidi ya zile milioni 80. Ndani ya miezi saba kulikuwa na vipindi vingi ambavyo wateja hawakutozwa chochote, na karibu vyote viliangukia Jumatatu asubuhi, wakati mhudumu alipokuwa akipita mashine moja baada ya nyingine kusawazisha saa zake na saa ya ukutani. Mashine iliyokuwa imetangulia kwa dakika kumi ikirudishwa nyuma, mteja aliyekaa dakika nane anaonekana ameondoka kabla hajaingia. Nami nilipokuwa nikiiandika programu niliwahi kukutana na jibu hasi, na badala ya kuuliza muda unawezaje kuwa chini ya sifuri, niliongeza mstari mmoja ulioamuru kwamba kila jibu hasi lichukuliwe kuwa sifuri. Mstari ule ndio uliomfanya mama apoteze fedha kidogo kidogo kwa miezi saba bila mtu kupiga simu. Kosa la milioni 80 lilijitangaza lenyewe siku ileile lilipozaliwa.

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa Kiswahili, na naamini lugha yetu inalieleza vizuri kuliko vitabu nilivyojifunzia kazi. Sisi tuna maswali mawili tofauti. Tunauliza “saa ngapi?” tunapotaka kujua tuko wapi katika siku, na tunauliza “muda gani?” tunapotaka kujua urefu wa kitu kilichopita. Hakuna mzaliwa wa lugha hii anayeyachanganya. Mtu akikuuliza safari ya Kimara hadi Kivukoni kwa mwendokasi inachukua muda gani, ukamjibu “saa mbili asubuhi”, atajua hukumsikia. Hata ule ubishi wa zamani kuhusu neno “masaa”, ambalo walimu wa Kiswahili sanifu hulikataa kwa kuwa “saa” haibadiliki katika wingi, mimi nauona kwa jicho jingine: wasemaji wengi husema “masaa mawili” wakitaka urefu na “saa mbili” wakitaka wakati wa siku, kwa hiyo lile “ma” linafanya kazi ambayo sarufi sanifu imeiacha kwa muktadha. Silitumii katika maandishi rasmi, lakini nalielewa, na laiti programu yangu ingekuwa na tofauti hiyo.

Tena saa yetu ya Kiswahili yenyewe ni hesabu ya muda uliopita. Kwa kuwa Dar es Salaam ipo karibu na ikweta, jua huchomoza mwaka mzima si mbali na saa kumi na mbili, na kutoka hapo tunahesabu: saa moja asubuhi ni saa moja tangu kupambazuke, saa sita ni nusu ya mchana. Anayesema “saa nne” anataja umbali kutoka mwanzo unaojulikana. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, isipokuwa alfajiri yake ni moja tu kwa miaka yote. Mifumo endeshi ya jamii ya Unix huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, ambapo hapa kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Tarehe na saa unazoziona kwenye kioo hutokana na hesabu hiyo, ikiongezewa saa tatu za ukanda wetu wa Afrika Mashariki.

Hesabu hiyo nitaiita saa ya ukutani, na sifa yake kuu ni kwamba inaruhusiwa kusahihishwa. Lazima iruhusiwe, kwa sababu chombo kinachoiendesha si kamilifu. Saa inayotunzwa na ile betri, kwa mfano, huendeshwa na fuwele ndogo ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, namba iliyochaguliwa kwa kuwa ni mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi na tano, hivyo sakiti rahisi huigawa nusu kwa nusu hadi kubaki pigo moja kwa sekunde. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea kwa sehemu 20 katika milioni. Ni kidogo masikioni, lakini ni sekunde 1.7 kwa siku, na kwa mwaka ni dakika kumi na nusu. Joto nalo lina sehemu yake. Fuwele hizi hutengenezwa ziwe sahihi zaidi kwenye nyuzi 25 hivi, na zikipata joto au baridi kupita hapo hupunguza mwendo. Ndani ya kasha la kompyuta linalofanya kazi kwenye nyuzi 45, jambo la kawaida katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari hapa mjini, joto pekee laweza kuichelewesha saa kwa zaidi kidogo ya sekunde moja kwa siku.

Kwa hiyo kompyuta iliyounganishwa na mtandao huuliza wenzake saa. Utaratibu unaotumika zaidi ni NTP, ambao David Mills wa Marekani aliuandika katika miaka ya 1980, na nauheshimu sana kwa sababu unakiri jambo ambalo wengi tunalisahau, yaani kwamba jibu lenyewe huchukua muda kufika. Kompyuta yako huandika ilipotuma swali, seva huandika ilipolipokea na ilipojibu, nawe unaandika jibu lilipofika; kutokana na namba hizo nne hukadiriwa tofauti ya saa zenu, kwa kudhani kwamba njia ya kwenda na ya kurudi zina urefu sawa. Tofauti ikiwa ndogo, saa yako huharakishwa au hucheleweshwa taratibu, si zaidi ya nusu milisekunde (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde) kwa kila sekunde, mpaka iafikiane na ya dunia. Ikizidi milisekunde 128, kwa mpangilio wa kawaida, saa husukumwa mara moja hadi mahali pake, mbele au nyuma. Programu iliyokuwa katikati ya kupima kitu wakati huo haiambiwi lolote.

Zaidi ya hapo kuna sekunde za nyongeza. Mzunguko wa dunia haulingani kabisa na saa za atomu, na tangu 1972 saa za dunia zimeongezewa sekunde 27 moja moja ili zisiachane na jua, ya mwisho ikiwa mwishoni mwa 2016. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo na mizani wa kimataifa uliamua kwamba utaratibu huo ubadilishwe ifikapo 2035. Sekunde ile ya mwisho iliingia hapa kwetu ikikaribia saa tisa usiku wa kuamkia 1 Januari 2017, na kampuni ya Cloudflare ya Marekani ikaeleza hadharani kilichoipata: sehemu ya mfumo wake wa majina ya intaneti ilipima muda wa kusubiri majibu kwa saa ya ukutani, saa ikarudi nyuma, muda ukatoka hasi, na fanksheni (kipande cha programu chenye kazi moja) ya kuchagua namba kwa bahati nasibu iliyopewa namba hiyo hasi ikaisimamisha programu. Niliyasoma maelezo hayo nikiwa ofisini Posta na nikakumbuka kompyuta namba 4. Wahandisi wale walikuwa na uzoefu na vifaa ambavyo mimi sikuwa navyo Mwenge, na bado mtego ulikuwa uleule. Walichonizidi ni kwamba programu yao ilianguka kwa kelele, ilhali yangu nilikuwa nimeifundisha kunyamaza.

Dawa yake ilikuwapo muda mrefu. Kila mfumo endeshi wa leo una saa ya pili, ambayo mimi huiita saa isiyorudi nyuma. Haijui tarehe, haijui kama ni mchana au usiku, na ukiisoma peke yake namba yake haina maana. Mara nyingi ni sekunde tangu mashine ilipowashwa. Inachoahidi ni kwamba usomaji wa baadaye hautakuwa mdogo kuliko wa kabla, hata mhudumu akibadilisha tarehe kwa mkono na hata NTP ikiisukuma saa ya ukutani. Ukitoa usomaji mmoja katika mwingine unapata muda, na muda tu. Kwenye Linux inaitwa CLOCK_MONOTONIC. Katika Python hupatikana kwa time.monotonic, iliyoingizwa katika toleo la 3.3 mwaka 2012, pamoja na time.perf_counter kwa vipimo vifupi vinavyohitaji usahihi zaidi. Java ina System.nanoTime tangu 2004. Kwenye kivinjari ni performance.now. Waandishi wa lugha ya Go waliamua, katika toleo la 1.9 la Agosti 2017, miezi michache baada ya tukio lile la Cloudflare, kwamba kila usomaji wa saa ubebe namba zote mbili kwa siri, na kutoa usomaji mmoja katika mwingine kutumie ile isiyorudi nyuma. Uamuzi huo naupenda, kwa sababu unamlinda hata mwandishi ambaye hajawahi kulifikiria tatizo. Nami katika C#, lugha niliyoiandikia programu ya mama, nilikuwa na Stopwatch tayari tangu 2005. Sikuitumia kwa kuwa sikujua kwamba nilikuwa nikiuliza swali jingine.

Ningependa kusema kwamba nilibadilisha mistari miwili na kazi ikaisha, lakini duka la Mwenge lilikuwa na umeme wa Dar es Salaam. Saa isiyorudi nyuma huzaliwa upya kila mashine inapowashwa. Namba iliyoandikwa kwenye faili kabla umeme haujakatika haina uhusiano wowote na namba ya baada ya umeme kurudi, na mtu akizitoa moja katika nyingine atapata upuuzi mbaya zaidi ya wa kwanza. Saa ya ukutani nayo ndiyo iliyotufikisha pale. Hatimaye nilichofanya ni kuacha kabisa kuhifadhi wakati wa kuanza. Badala yake programu ilihifadhi muda ambao mteja alikwisha kuutumia, ikiongeza kila baada ya sekunde 30 kwa kutumia saa isiyorudi nyuma, na kuuandika kwenye diski. Umeme ukikatika, hesabu inasimama pale ilipofika. Ukirudi, inaendelea kutoka hapo. Mteja hatozwi kwa dakika alizokaa gizani akisubiri jenereta, na mama hawezi kupoteza zaidi ya nusu dakika. Saa ya ukutani ilibaki na kazi moja, kuandika tarehe kwenye risiti. Mpango ule ulifanya kazi mpaka duka lilipofungwa, baada ya wateja kuwa na intaneti mifukoni mwao.

Mpaka mwingine wa saa hii ni kwamba ni ya mashine moja tu. Siku hizi nafanya kazi kwenye mifumo ya malipo, ambako ombi moja hupita kwenye seva tatu au nne, na kishawishi cha kuchukua usomaji wa seva ya kwanza na kuutoa katika wa seva ya mwisho ni kikubwa. Ni sawa na kuangalia saa ya kituoni Kimara unapopanda, kisha kuangalia ya Kivukoni unaposhuka, na kuiita tofauti yake muda wa safari. Ikiwa saa hizo mbili hazikubaliani, umepima kutokubaliana kwao. Jibu la kuaminika hupatikana kwa kupima kwenda na kurudi ukiwa umesimama mahali pamoja na saa moja.

Na kuna usingizi. Ukifunga kompyuta mpakato Posta na kuifungua Kigamboni baada ya kuvuka kwa pantoni, CLOCK_MONOTONIC ya Linux itakuwa haikuhesabu muda wa kulala. CLOCK_BOOTTIME ndiyo inayohesabu. Kwa anayepima kasi ya fanksheni hilo si neno. Kwa anayetaka mtumiaji atolewe kwenye akaunti baada ya dakika 15 za ukimya, ni tofauti ya usalama wake.

Hata ukichagua saa iliyo sahihi, bado unaweza kuiharibu katika kuhesabu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran nchini Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo ulihesabu muda tangu uwashwe kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa namba kamili, kisha ukaigeuza hesabu hiyo kuwa sekunde kwa kuzidisha kwa moja ya kumi. Moja ya kumi haina mwisho katika namba za msingi wa mbili ambazo kompyuta hutumia, kama vile moja ya tatu isivyokuwa na mwisho katika namba zetu za kawaida. Nayo ilikatwa ili itoshee kwenye biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja. Kosa la kila pigo lilikuwa dogo mno. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 mfululizo, mapigo milioni 3.6, na kosa lilikuwa limefika sekunde 0.34. Kwa kitu kinachokwenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita angani, na mtambo ulitazama mahali ambapo kombora halikuwapo. Siwezi kulieleza tukio hili kwa haraka kila ninapowafundisha vijana, kwa sababu kila sehemu yake ilikuwa na mantiki: saa ilikuwa nzuri, hesabu ilikuwa ya kawaida, na muda pekee ndio ulioikuza dosari.

Ndiyo maana huhifadhi muda kama namba kamili, ya nanosekunde au mikrosekunde, katika biti 64, na kugeuza kuwa sekunde zenye desimali pale tu ninapomwonyesha binadamu. Biti 32 hazitoshi. Windows 95 ilihesabu milisekunde tangu kuwashwa katika biti 32, na hesabu hiyo hujaa baada ya siku 49.7; mashine iliyofikisha siku hizo bila kuzimwa iliweza kukwama. Sekunde za Unix zilizowekwa katika biti 32 zinazoruhusu pia namba hasi zitajaa tarehe 19 Januari 2038, hapa kwetu ikiwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi.

Tukishapata chombo kizuri, linabaki swali la tunachokipima. Dereva aliyekaa kwenye foleni ya Ubungo kwa nusu saa atasema safari ilikuwa ndefu, ingawa magurudumu yalizunguka dakika kumi tu. Programu nayo ina muda wa safari na muda wa prosesa, na hupimwa kwa saa tofauti; katika Python muda wa prosesa hutolewa na time.process_time. Mwaka jana mwenzangu mmoja kijana alinijia amefadhaika: ripoti ya mauzo ilichukua sekunde 40, naye alikuwa ametumia siku mbili kuharakisha mizunguko yake ya hesabu bila nafuu. Tulipopima kwa saa zote mbili pamoja tuliona prosesa ilifanya kazi kwa sekunde moja na nusu. Sekunde nyingine zote programu ilikuwa imekaa ikisubiri hifadhidata, ambako jedwali moja halikuwa na faharasa, ile orodha inayoharakisha utafutaji. Siku zake mbili zilikuwa zimekwenda kunoa sehemu ambayo haikuwa butu.

Vitu vidogo sana vina tabu yake. Kitendo cha nanosekunde 100, yaani sehemu 100 za bilioni za sekunde, hakipimwi kwa kukifanya mara moja, kwa kuwa kuisoma saa kwenyewe kunaweza kugharimu karibu kiasi hicho. Kwenye baadhi ya mifumo ya Windows saa ya ukutani hupiga hatua za milisekunde 15.6, hivyo kitendo cha milisekunde 2 husomeka kama sifuri au kama 15. Kwa hiyo kitendo hurudiwa mara nyingi, kisha muda wote hugawanywa kwa idadi ya marudio. Chombo cha timeit cha Python hurudia mara milioni moja kama hukukiambia vinginevyo. Angalizo: katika lugha za programu zenye mkusanyaji (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) hodari, kazi ambayo jibu lake halitumiki popote huweza kufutwa yote, na utabaki ukishangilia kasi ya kutofanya kitu.

Vipimo vikishakuwa vingi, wengi wetu hukimbilia wastani, na hapo nina msimamo mkali. Chukua wateja 100 wa huduma ya malipo, 99 wakihudumiwa kwa milisekunde 200 kila mmoja, na mmoja akisubiri sekunde 30. Wastani ni milisekunde 498. Hakuna mteja hata mmoja aliyepata huduma hiyo; 99 walihudumiwa haraka zaidi ya mara mbili, na yule mmoja, aliyesimama mbele ya muuza duka Kariakoo akiwa ameshika simu huku foleni ikimsukuma mgongoni, amefutika kwenye ripoti. Ninapolinganisha njia mbili za kuandika fanksheni huchukua kipimo kidogo kuliko vyote, kwa kuwa usumbufu wa mashine huongeza muda, hauupunguzi. Ninapotaka kujua watu wanatendewaje, hupanga vipimo vyote kwa ukubwa na kuangalia mkiani, kwa wale waliosubiri zaidi.

Kabla sijaamini namba yoyote, huijaribu pia dhidi ya maumbile. Mwanga ndani ya nyaya za nyuzi za kioo zinazobeba intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 7,500, kwa hiyo swali na jibu haviwezi kwenda na kurudi kwa chini ya milisekunde 75, na kebo za baharini hazinyooki. Nikiona kipimo kinachosema London imejibu kwa milisekunde 12, najua ama jibu limetoka kwenye nakala iliyohifadhiwa karibu, ama mtu ametoa saa ya mashine moja katika saa ya nyingine.

Wiki iliyopita nilikagua msimbo wa mfumo wa mikopo midogo kabla haujawekwa kazini, na kama kawaida yangu nilianza kwa kutafuta kila mahali ambapo saa ya ukutani inatolewa katika saa ya ukutani. Nilipata pahali patatu. Pa kwanza palikuwa ukomo wa kusubiri jibu la mtandao wa simu, pa pili kipimo cha kasi ya hifadhidata. Pote pawili tuliweka saa isiyorudi nyuma. Pa tatu palihesabu siku 30 za kurejesha mkopo, na kijana aliyeandika alikuwa tayari kupabadilisha hapo pia. Nikamwomba apaache. Mkopaji aliahidi kulipa tarehe fulani, akaiandika kwenye mkataba na kuitia sahihi, na tarehe hiyo itafika hata seva ikizimwa na kuwashwa mara mia. Pale swali lilikuwa la kalenda tangu mwanzo, na saa ya ukutani ndiyo yenye haki ya kulijibu.